Mwaka wa Mzee Saveli

Nilicheka msibani. Si jambo la kujisifia kwa mwanamke wa umri wangu, mwalimu mstaafu, bibi wa wajukuu saba, lakini nilicheka, na walioketi karibu nami walisikia. Ilikuwa mwezi uliopita, Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tumekaa chini ya maturubai yaliyofungwa kwenye migomba, na Upendo, binti wa kwanza wa marehemu, alikuwa akisoma wasifu wa baba yake. Alisoma alipozaliwa, shule alizopitia, miaka sita aliyokaa Urusi akisomea udaktari wa mifugo, kisha akatua kidogo, akainua sauti, akasoma kwamba akiwa huko marehemu alibahatika kukutana na mwongoza opera mashuhuri wa nchi ile, Saveli Riabukin, wakapeana mikono na kuzungumza kwa kirefu kuhusu muziki. Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa heshima. Hapo ndipo nilipocheka. Nilijaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, na kikohozi kuwa kilio, na mama mmoja mwenye huruma akanipa leso. Baadaye, wakati wa chakula, Upendo alinijia na sahani yake mkononi akaniuliza kwa upole baba yake alikuwa amenikumbusha nini. Nikamwambia nitamwandikia. Basi namwandikia yeye kwanza, na wengine mnaruhusiwa kusoma.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, ninasubiri barua ya chuo cha ualimu, barua iliyochukua karibu mwaka mzima kupanda mlima kutoka mjini. Ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Baba yake Upendo, ambaye jina lake lilikuwa Anaeli, alikuwa daktari wa mifugo wa eneo letu, akizunguka na pikipiki yenye boksi la sindano nyuma, na hapakuwa na zizi ambalo hakuwahi kuinama ndani yake. Sisi tulimwita Mwalimu, kwa sababu mwaka ule wazee wa kanisa walimkabidhi kwaya ya usharika baada ya kiongozi wa zamani, mzee wa kinanda, kuanza kusumbuliwa na macho. Walimkabidhi kwa masharti. Mwenyekiti wa wazee, Mzee Kirenga, mtu mfupi mwenye koti la mvua misimu yote, aliyatangaza mbele yetu sote: mwisho wa mwaka kuna mashindano ya kwaya mjini Moshi, kwaya ikiingia tatu bora, Anaeli anaendelea nayo, isipoingia, inarudi kwa mzee wa kinanda, macho yawe yameona au hayajaona. Mwalimu alikubali kwa kutikisa kichwa mara moja tu, lakini mimi nilikuwa mstari wa mbele na niliona amelikunja daftari la nyimbo mikononi mpaka likawa bomba. Hakukuwa na kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko kusimama mbele ya watu wanaoimba. Ng'ombe aliwapenda, ila ng'ombe, alisema mwenyewe, hawaanzi kwa pamoja.

Mimi nilichaguliwa katibu wa kwaya kwa ajili ya mwandiko wangu, na kwa hiyo mara tatu kwa wiki, saa tisa alasiri, nilikuwa sebuleni kwake na daftari na penseli. Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizoishi. Kulikuwa na viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo lililofunguliwa mchungaji akija tu, na picha ya vijana kumi na wawili waliovaa kofia za manyoya, mmoja wao Mwafrika, naye anaonekana kujuta. Pembeni, juu ya meza ya peke yake, ilikaa gramafoni ya Kirusi chini ya kitambaa cheupe kuliko cha madhabahuni, na chini ya meza santuri kumi na moja, zote za mtu mmoja. Umeme ulikuwa haujafika kwake, kwa hiyo gramafoni ilitumia betri kubwa sita. Betri zikichoka sauti ilizama, na Mwalimu alizianika juani kwenye ungo, pembeni ya kahawa, akizigeuza kila saa. Lakini siku ya kuandika noti hakukubali betri za kuanika. Siku hiyo ilikuwa ya betri mpya, kwa sababu, alisema, mwendo wa muziki ni jambo takatifu na betri mpya haisemi uongo.

Nyuma ya makasha ya santuri kulikuwa na maelezo kwa Kirusi, na Mwalimu alitutafsiria wakati wa mapumziko ya mazoezi, kasha moja kwa wiki. Ndivyo wakulima na mama wafugaji thelathini na nane wa mlimani walivyoijua kazi yote ya Saveli Riabukin, hatua kwa hatua, kuliko walivyoijua ya diwani wao. Tulijua kwamba opera ni tamthilia ambayo watu wanaimba badala ya kusema, hata wakiomba maji. Tulijua kwamba Saveli alikuwa mtoto wa mlinzi wa reli, akaanza kwa kupanga viti vya wapiga muziki, akapewa ngoma kubwa aipige, na siku moja mwongozaji alipozidiwa na jino akapanda jukwaani na viatu vya kuazima. Tulijua kwamba alifika kwenye ukumbi mkuu wa nchi, akabishana na mkubwa fulani, akahamishwa kikazi kwenda mji wa baridi, na hapo wanakwaya wote waliguna, maana kila ukoo ulikuwa na mtu aliyebishana na mkubwa akahamishwa. Alikaa huko miaka tisa akifundisha wafanyakazi wa viwanda kuimba, kisha akarudishwa kwa heshima. Opera yake aliyoipenda, yenye wavunaji wa ngano, aliirekodi mara mbili, akiwa kijana na akiwa mzee, na yetu ilikuwa ya uzeeni. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliuliza kama alikuwa Mlutheri. Mwalimu alijibu kwamba kasha halisemi, lakini kwa jinsi anavyozitunza sauti za besi inawezekana.

Juu ya hayo yote kulikuwa na mkono. Mwalimu alikuwa amemwona Saveli kwa macho yake, na Saveli alimpa mkono. Mwanzoni mwa mwaka ulikuwa mkono tu, mkavu na wa moto. Kufikia Pasaka, Saveli alikuwa pia amemuuliza ametoka wapi. Kahawa ilipoiva alikuwa amemuuliza habari za Kilimanjaro, na kama ni kweli kuna theluji huko, na Mwalimu amemjibu kwamba ipo, lakini inakaa juu na haisumbui watu. Tulijua anatia chumvi, lakini chumvi ya juu ya chakula kilichopo. Tulianza kumwita Mzee Saveli. Mzee Elinami, besi wetu mkuu, alikuwa akimwombea kila tulipofunga mazoezi, baada ya wagonjwa na kabla ya wasafiri.

Wimbo tulioandaa kwa mashindano ulikuwa ule wa wavunaji. Mwalimu aliweka sindano, tulisikiliza sehemu ndogo, akainua sindano, akaimba sauti moja kwa do-re-mi, nami nikaandika. Kisha tukarudia kwa sauti ya pili, ya tatu, ya nne. Ilichukua miezi miwili. Maneno aliyatunga ya Kiswahili, ya shukrani ya mavuno, ngano ikawa ndizi na ulezi. Lakini wimbo ulikuwa wa polepole. Sijui nieleze vipi mwendo ule. Neno moja lilianza wakati mtu anaingia jikoni na lilikuwa halijaisha alipotoka. Sauti za wanawake wa Kirusi zilikuwa nzito kuliko za wanaume wetu, na Mwalimu alisema ni baridi ya kule. Besi zao hatukuziandika zote, nyingine zilikuwa chini ya uwezo wa binadamu. Katika ubeti wa tatu kulikuwa na mtu aliyekohoa ukumbini, kikohozi kirefu kama trekta linalokataa kuwaka, na Mwalimu alisema huyo lazima alikuwa kiongozi mkubwa wa serikali, maana hakuna mwingine ambaye angethubutu. Sikukiandika. Mzee Elinami, hata hivyo, akiusikiliza wimbo ule alikipenda, akawa anakitia mwenyewe kila tulipofika pale, na Mwalimu hakumzuia.

Mtu alipolalamika kwamba pumzi inamwishia, jibu lilikuwa moja: Mzee Saveli hakimbii. Mwendo ule ulikuwa imani yake. Alisema watu wa siku hizi wana haraka, redio ina haraka, lakini mtu aliyekaa miaka tisa kwenye baridi anajua neno lina thamani gani. Alitembea hivyo, akala hivyo. Mke wake, Mama Upendo, ambaye alikuwa akinilisha kila alasiri bila kuniuliza kama nina njaa, alikuwa na maoni yake. Nilimsikia siku moja, mimi nakula kiburu changu cha ndizi na maharage sebuleni na yeye yuko nje na jirani, wanachambua maharage. Alimwambia jirani kwamba yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni Saveli, na kwamba angalau mke mwenza wa kawaida angesaidia kukata majani ya ng'ombe. Jirani akacheka mpaka maharage yakamwagika. Kisha Mama Upendo akashusha sauti, nikaacha kutafuna ili nisikie. Alisema wakimnyang'anya kwaya hii hajui itakuwaje, maana mwaka ule kabla ya kwaya mumewe alikuwa akirudi kazini anakaa kwenye kiti kile mpaka giza linaingia, hasemi na mtu.

Barua ya mashindano ilifika ikiwa imebaki miezi miwili. Niliisoma mbele ya kwaya kama katibu, kwa sauti nzuri, mpaka nilipofika kipengele cha nne: kila kwaya itaimba kwa muda usiozidi dakika sita, na itakayozidi itaondolewa mashindanoni. Wote tulijua wimbo wetu ni dakika tisa, kumi Mzee Elinami akiwa na mafua. Siku hiyo hiyo Mzee Kirenga alikuja kusikiliza mazoezi, akasimama mlangoni na koti lake, akatoa saa mfukoni. Tulipomaliza alimwendea Mwalimu, akamwambia kwa sauti ya kirafiki ambayo ilitutisha kuliko ukali, "Anaeli mbe, mimi sina neno na Mrusi wako. Lakini Jumapili ukiimba huu, ng'ombe wangu wanakamuliwa saa nane. Upunguze." Mwalimu alijibu kwamba Mzee Saveli hapunguzwi. Mzee Kirenga akasema basi atapunguzwa mwingine, akaenda zake. Nilimsihi Mwalimu tuache ubeti mmoja, au tuimbe haraka kidogo. Alinitazama kwa masikitiko kana kwamba nimemwambia amchinje ng'ombe aliyeitwa kumtibu.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, gramafoni ilikufa. Ilizunguka mara mbili, ikanguruma, ikanyamaza. Mwalimu alikuwa na chanjo za ng'ombe wiki nzima, kwa hiyo mimi ndiye niliyeifunga kwenye khanga pamoja na santuri ya kujaribia, nikapewa nafasi kwenye gari la maziwa, nikashuka nayo mpaka Njoro, mjini Moshi, kwa Fundi Shabani. Fundi Shabani alikuwa na kibanda chenye redio nyingi zilizofunguliwa matumbo, na sifa ya kutoshindwa na kitu isipokuwa wateja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akaifungua gramafoni, na alipotazama ndani akatoa sauti ya huruma. Ndani kulikuwa na mkanda mwembamba wa mpira unaozungusha sahani. Ulikuwa umekatika, na kabla ya kukatika, alisema, ulikuwa umelegea miaka. Alinionyesha ulivyoning'inia kidoleni mwake.

"Hii ilikuwa inaimba?" akaniuliza.

"Inaimba, tena vizuri. Tulikuwa tunaweka betri mpya."

"Hata mngeweka betri za meli, binti. Mkanda ulikuwa unateleza tu. Ilikuwa inajikokota."

Alikata mkanda mpya kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, kwa wembe, bila kupima. Akabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, akashika saa, akahesabu mizunguko kwa midomo. Thelathini na tatu na kidogo kwa dakika, akasema, ndivyo inavyotakiwa duniani kote. Kisha akaweka santuri yetu.

Wavunaji walitoka mle ndani wakikimbia. Wanawake wa Kirusi walikuwa wanawake, tena wachangamfu, na besi walikuwa binadamu. Kiongozi wa serikali alikohoa kikohozi kifupi cha mtu yeyote. Ulikuwa wimbo wa watu wenye ngano nyingi na mvua inakuja, na wateja wawili wa Fundi Shabani walianza kupiga miguu. Nilitazama saa ya ukutani. Haikufika dakika sita. Furaha iliyonipata haikudumu hata muda wa kuinua sindano, kwa sababu wazo la pili lilikuja nyuma ya la kwanza. Mtu aliyekaa ukumbini, akamsikia Saveli kwa masikio yake, angejua mwendo wake. Asingekaa mwaka mzima na ng'ombe wa muziki anayejikokota akasema huyu ndiye. Mwalimu hakuwahi kumsikia. Na kama hakuwahi kumsikia, ule mkono mkavu wa moto haukuwahi kuwepo.

Nilimwomba Fundi Shabani arudishe mkanda wa zamani. Alidhani sijui kitu, akanieleza kwa subira kwamba umekatika. Nikamwambia aufunge fundo. Akaweka bisibisi chini. Alisema watu huleta vitu vibovu avitengeneze, na katika miaka yake yote ya ufundi mimi ni wa kwanza kuomba kizima kiharibiwe, na kama Wachagga wa juu wameanza kulipia uharibifu basi yeye atahamia huko. Sikuweza kumweleza. Nilikaa kwenye kigoda chake nikalia, kwa sababu niliona pande zote mbili zimeziba. Nikinyamaza, tutaimba dakika tisa, tutaondolewa, na Mwalimu atapoteza kwaya. Nikisema, atajua kwamba najua, na mtu mzima aliyeheshimiwa na mlima mzima ataumbuka mbele ya msichana wa daftari. Fundi Shabani aliniletea kahawa chungu, akanifungia gramafoni yangu, nzima, na akakataa katakata kuigusa tena.

Nilifika Machame saa kumi, na Mwalimu alikuwa amekwisha rudi, anaosha mikono. Mama Upendo alikuwa jikoni akipika mtori wa ndizi. Mwalimu aliiweka gramafoni mezani kwa mikono miwili, akatandika kitambaa, akaweka betri mpya, akaweka sindano, akainua mkono wake wa kulia kama alivyozoea, taratibu, ili aanze nao. Wimbo ukaanza na mkono ukaachwa juu. Nilikuwa nautazama ule mkono kwa sababu sikuthubutu kutazama uso. Haukushuka mpaka wavunaji wakamaliza ngano yote. Mama Upendo alikuwa amesimama mlangoni na bakuli. Nje ng'ombe alikuwa anacheua, na nilimsikia kila alipotafuna.

"Fundi ameiharibu," Mwalimu akasema hatimaye.

Ilikuwa rahisi sana kuitikia. Nikapiga moyo konde. "Mwalimu, ulitusomea kwamba aliirekodi mara mbili. Labda kule kiwandani walikosea makasha. Labda hii ndiyo ya ujanani, na ile tuliyoizoea ni..." Nikakwama.

Alichukua kasha, akaligeuza nyuma na mbele.

"Ya uzeeni," akamalizia.

"Ya uzeeni, Mwalimu."

Sote watatu tulijua kwamba juu ya meza kuna santuri moja tu. Mama Upendo alitua bakuli katikati yetu, akasema basi mke mwenzake ujanani alikuwa na nguvu, tule kabla mtori haujapoa. Tukala. Mwalimu alikula haraka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na katikati ya kula akaanza kugonga meza kwa kijiko.

Jumamosi aliwatangazia wanakwaya kwamba baada ya uchunguzi wa kina wa makasha imegundulika Mzee Saveli alikuwa na vipindi viwili. Kipindi cha uzeeni, baada ya kufiwa na mkewe, ndicho tulichokuwa tunakiimba, na ni kizuri kwa mazishi. Kwa mashindano yanayohusu mavuno kinafaa kipindi cha ujanani, kabla ya kufiwa. Mkewe Saveli hakutajwa kwenye kasha lolote, nina hakika, lakini wanakwaya walimhurumia papo hapo na Mzee Elinami akamwongeza kwenye maombi. Wiki tatu zile zilikuwa vurugu. Watu waliozoea kuvuta neno moja kama kamba ya ndoo kisimani sasa walitakiwa kulitupa na kuchukua lingine. Sauti ya kwanza walipanda juu mpaka mbwa wa jirani wakaja. Yule mama aliyeuliza habari za Ulutheri aliuliza sasa huyu Mrusi anakwenda wapi kwa haraka hivyo, na Mwalimu, akitokwa jasho, akacheka na kumwambia mvua inakuja, mama, mvua inakuja. Mzee Kirenga alisimama tena mlangoni na saa yake. Alipoondoka alisema Saveli huyu kijana anamwelewa kabisa, ni yule mzee ndiye aliyekuwa anamshinda.

Mashindano yenyewe nayakumbuka kwa miguu, kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vya dada yangu. Kwaya zilikuwa kumi na nne, ukumbi umejaa mpaka madirishani, na mtunza muda ameketi mbele na kengele ya mezani ambayo ilikuwa imeshawatoa watu wawili kabla yetu. Mwalimu alipanda na suti aliyotoka nayo Urusi, imemkaba mabega. Alitupatia noti ya kuanzia, akainua mikono. Tulikimbia na wavunaji wale mpaka mwisho bila kumwacha mtu nyuma. Mzee Elinami peke yake, katika msisimko, alikisahau kikohozi chake ubeti wa tatu, akakikumbuka wimbo ulipokwisha, akakitoa kwa ukamilifu wake ukumbi ukiwa kimya. Jaji mmoja aliandika kitu. Kengele haikulia. Tulipotangazwa washindi wa tatu, Mzee Kirenga ndiye aliyekwenda kupokea zawadi, saa ya ukutani, na haikutoka mikononi mwake siku nzima. Aliporudi alimpa Mwalimu mkono, akamwambia mazoezi ya Krismasi yaanze mapema. Basi, kwaya ikabaki kwake, na ilibaki kwake miaka ishirini na sita.

Wenzetu walikwenda kusubiri lori. Mwalimu aliniambia tunywe chai kwanza, tukaingia kwenye mgahawa jirani na soko, meza ya pembeni, chai ya maziwa na maandazi mawili mawili. Alivunja andazi lake, hakulila.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Kwa fundi, Njoro."

"Mambo yote mawili?"

"Yote mawili, Mwalimu."

Akatikisa kichwa. Kisha akanieleza, akikitazama kikombe. Chuo chake kilikuwa mji wa mbali, na mwaka wa nne aliweka akiba ya chakula, akapanda treni siku mbili kwenda kumsikia Saveli. Alipofika tiketi zilikuwa zimekwisha. Hakuwa na pa kwenda wala pa kulala, kwa hiyo alisimama nje ubavuni mwa ukumbi, kwenye theluji, akiamini kwamba watu wengi vile wakiimba kwa pamoja lazima kitatoka kitu. Asubuhi alipanda treni akarudi kwenye mtihani wa tumbo la ng'ombe. Wenzake walipomuuliza alisema amemwona. Baada ya kusema mara moja hakujua tena pa kushukia.

"Ukuta ule ni mnene, Aikande," akasema. "Sikusikia hata noti moja. Mwishoni walifungua milango, nikasikia makofi. Hayo tu ndiyo niliyoyasikia kwa masikio yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kumhurumia, lakini sikumhurumia. Nilimpenda, kama unavyompenda baba siku unapogundua aliwahi kuwa na miaka ishirini. Nikamuuliza makofi yale yalikuwaje.

Alifikiri. Alisukuma kikombe pembeni, akafuta mafuta ya andazi vidoleni, akafumba macho, akaanza kupiga makofi. Alianza kidogo kidogo, kisha yakapanda, yakawa mengi, mikono yake mipana ya kushika ndama ikilia mgahawa mzima, na aliendelea, na watu wakaacha kula wakageuka, na bado aliendelea, machozi yakimtoka. Mhudumu alikuja mbio kutoka jikoni, aproni imemlowa, akasimama mezani kwetu akiomba radhi kwa kuchelewa, akauliza tunataka nini. Mwalimu akafumbua macho. Akafuta machozi kwa kiganja, akaagiza chai nyingine mbili.